Taata, Niliandika Kwamba Umeelewa

Mpendwa Taata,

Ni mwaka wa pili sasa sijamwita mtu yeyote kwa jina hili la baba. Kaka sina, dada sina, Mama alitangulia nikiwa kidato cha pili, na wewe ulipoondoka neno lenyewe likabaki halina mwenyewe. Hapa Muleba wananiita sista. Natoka zamu, napita sokoni, nanunua ndizi za mtu mmoja, naenda kuzipika katika chumba ambacho hakuna anayeniuliza mbona nimechelewa. Siku nyingine napika za watu wawili kwa mazoea, kisha nakaa nazitazama.

Kuna jambo sijakuambia. Ningekuambia ukiwa hai, lakini lilitokea kwa sababu ya kufa kwako, kwa hiyo nakuandikia. Naiacha barua wazi ili wauguzi wenzangu waisome pia. Wao watajua ninazungumzia nini.

Unakumbuka siku nilipokuja nyumbani Kaagya nikakukuta umekonda, shati linakuzunguka kama la kuazima? Ulikuwa unakunywa maji kikombe juu ya kikombe. Nilipokuuliza ukasema ni jua. Jua gani, Taata, na mvua ilikuwa inanyesha wiki nzima? Nilikulazimisha tukaja wote Muleba, kwenye hospitali yetu, wakakupima, sukari ikakutwa juu sana. Ukalazwa siku tisa katika wodi ninayofanya kazi mimi.

Siku ya kwanza uliniita sista mbele ya wagonjwa wengine. Nikacheka. "Taata, mimi ni Kemilembe."

"Najua," ukasema. "Lakini hapa uko kazini, waitu."

Ukaendelea hivyo siku zote tisa, na hiyo waitu ya heshima. Nikija na kipimo unanyoosha kidole, unasema, "Karibu, sista." Mzee wa kitanda cha pili akaniambia baba yako ana heshima sana. Nilijivuna. Sikujua kwamba heshima hiyo ndiyo ingetuponza.

Asubuhi ya kuruhusiwa tulikuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima. Matroni akanipa faili lako. "Huyu ni baba yako, mfundishe mwenyewe umalize, tunahitaji kitanda." Nikaja na kichupa cha insulini, bomba la sindano, na fomu ya elimu kwa mgonjwa. Nyumbani mimi na wewe tulizungumza Kihaya tangu nazaliwa, lakini nikiwa na sare Kiswahili cha wodini ndicho kilichonitoka, kile tunachokisema haraka kwa kila mtu. Utajichoma asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya kula. Utabadilisha mahali pa kuchoma. Dawa utaiweka kwenye chungu chenye mchanga uliolowa. Hutakula sukari, hutakunywa soda, hutagusa rubisi wala pombe nyingine.

"Ndiyo, sista," ukasema kila nilipovuta pumzi.

Nilipaswa kukupa bomba mkononi nikuone ukivuta dawa na kujichoma mwenyewe. Nilifundishwa hivyo chuoni. Lakini kumwambia baba yangu afunue tumbo mbele yangu, kisha nimsahihishe kama mtoto wa shule huku wanaume wa vitanda vingine wanatazama! Nilishindwa, Taata. Nikakuuliza tu, "Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Ungesema nini kingine? Baba gani angemjibu binti yake, mbele ya watu, kwamba hajaelewa?

Nikaegemeza faili kwenye reli ya kitanda nikajaza. Njia iliyotumika: maelezo ya mdomo. Vikwazo vya kujifunza: hakuna. Dalili za hatari: nikaweka alama ya vema. Mwingine aliyeelimishwa: dada wa mgonjwa. Tathmini: ameelewa. Nikatia saini. Nimejitahidi sana tangu siku ile kukumbuka nilikuambia nini kuhusu hizo dalili za hatari, na sikumbuki hata neno moja. Nadhani sikusema kitu.

Dada wa mgonjwa ni Shangazi Kokutona, aliyekuja kukuchukua. Elimu yake niliitoa mlangoni, nikiwa nimeshika faili la mgonjwa mwingine. "Shangazi, kitu kitamu chochote asiguse. Hata akikuomba."

"Nimekusikia, Kemi," akasema. "Nitakuwa askari wake."

Mkaondoka. Ulikuwa umevaa koti lako la kanisani, dawa umeibana kwapani ndani ya mfuko. Ulinipungia mkono mara moja, kwa haraka, kama mtu asiyetaka kumchelewesha mfanyakazi.

Taata, wewe ulijua kufundisha kuliko mimi. Uliponifundisha kupunguza machipukizi kwenye kibanja chetu cha migomba hukuniuliza hata siku moja kama nimeelewa. Ulinionyesha shina moja, ukanikabidhi panga, ukarudi nyuma hatua tatu. "Haya, fanya nione." Nilikata chipukizi zuri nikaacha baya. Hukugomba. Ulinipeleka kwenye shina lingine, ukasema tena, "Haya, nione." Tulizunguka hivyo mpaka mchana, wewe umesimama na mikono nyuma, mimi natokwa na jasho, na mpaka leo sijakosea. Nilikuwa na mwalimu wa namna hiyo nyumbani, na siku yake ilipofika nikamsomea maneno kama tangazo.

Ninalojutia zaidi ni kwamba kuna kitu ambacho hakuna muuguzi mwingine katika mkoa huu angeweza kukijua, ila mimi. Jumapili ya Meza ya Bwana nyumbani kwetu jiko halikuwashwa kabla ya ibada. Wewe na Mama hamkugusa kitu, hata maji. Mimi ambaye sikuwa nimebarikiwa bado kushiriki Meza nilipewa ndizi baridi ya jana, nikaila nyuma ya nyumba. Nilikuuliza kwa nini, ukanijibu kwamba siku hiyo kinywa kinamsubiri Bwana kwanza. Mchungaji hakuwahi kudai hivyo. Ulikuwa utaratibu wako, uliupata kwa baba yako, na hukuuacha hata Mama alipofariki. Nilikulia ndani yake. Kisha nikaandika kwenye fomu kwamba vikwazo hakuna.

Jumapili ya tatu baada ya kuruhusiwa ilikuwa ya Meza ya Bwana. Ulijichoma alfajiri, kama sista alivyosema. Hukula, kama ulivyozoea. Ukatembea kwenda kanisani.

Yaliyofuata niliyasikia kwa Shangazi, na ninajua hata maneno aliyotumia kwa sababu aliyarudia kwa kila aliyekuja kuhani. Ulikuwa umekaa benchi la wazee. Katikati ya mahubiri jasho likaanza kukutiririka mpaka kola ikalowa. Mikono ikatetemeka. Ukaanza kuongea, ukimwita Mama, ukisema kahawa imeanikwa na mvua inakuja. Wakakutoa nje wakakulaza kwenye nyasi. Mama mmoja akaja na chupa ya soda aliyoipata kibandani hapo nje.

"Nikampokonya!" Shangazi alisema, amekaa kwenye mkeka, machozi yanamtoka. "Nikamwambia, ana sukari huyu, mnataka kumwua? Kemi alinikataza kabisa. Hata tone halikuingia kinywani mwake."

Wanawake waliozunguka wakaitikia kwamba alifanya vema. Mimi nilikuwa nimekaa bega kwa bega naye. Nilikuwa nimeshazungumza na daktari kule hospitali ya Bukoba walikokufikisha ukafia huko, akaniambia sukari ilikuwa imeshuka mno na ubongo umekaa bila chakula muda mrefu. Nilijua kwamba ile soda ndiyo ilikuwa dawa. Shangazi akanigeukia, uso umevimba. "Au nilikosea, Kemi?"

"Ulifanya vema, Shangazi," nikasema.

Ndiyo, Taata. Nilisema hivyo na kaburi lako lilikuwa bado halijafunikwa.

Baada ya hapo nikarudi kazini. Watu walinipa pole wiki moja, mbili, kisha wakasahau kama watu wanavyosahau, na sikuwalaumu. Nilianza kuogopa kwenda Kaagya. Nikienda, Shangazi ananipikia, ananisimulia habari zako, na kila mara anafika kwenye ile chupa ya soda. Anaisimulia kama kitu kizuri cha mwisho alichokufanyia. Mimi natazama sahani yangu. Nikawa napunguza safari. Alipiga simu kuniuliza mbona nimepotea, nikasema kazi nyingi.

Miezi michache iliyopita matroni alituita watu watatu tupitie mafaili ya zamani tuone elimu kwa wagonjwa inavyoandikwa. Tulikaa kwenye chumba cha kumbukumbu na marundo mbele yetu. Faili baada ya faili, sentensi ile ile: mgonjwa ameelimishwa, ameelewa. Ameelewa nini, kwa lugha gani, nani alimsikia akisema, hakuna. Mafaili mengine fomu ilikuwa tupu kabisa. Asimwe, muuguzi mdogo aliyeajiriwa juzi, akainua faili moja kwa furaha.

"Hili limejazwa vipengele vyote! Na mwandiko safi. Tulichukue liwe mfano kwa wengine."

Akalisukuma mezani. Nikaona jina lako.

Wenzangu wakaanza kulisifu. Matroni aliyekuwa amepita kututazama akasema ndiyo, hivi ndivyo inavyotakiwa. Nikiri, Taata, kwamba nilifikiria kukaa kimya. Lingepigwa nakala, lingebandikwa ukutani, na mimi ningepita mbele yake kila siku.

"Mgonjwa huyu alikufa wiki ya tatu," nikasema. "Sukari ilishuka. Hakuna mtu nyumbani aliyejua afanye nini."

Asimwe akaangalia tena karatasi. "Lakini hapa dalili za hatari zimewekwa alama ya vema. Nani alisaini?"

"Mimi. Na huyo ni baba yangu."

Matroni akavuta kiti akakaa. Nikawaeleza yote, habari za Jumapili, za soda, za mzee aliyeniita sista. Asimwe alilia, mimi sikuweza. Katika kazi yetu maandishi ya faili hayafutwi, lakini inaruhusiwa kuongeza, ukiandika tarehe ya siku unayoongeza. Niliomba kalamu. Chini ya neno "ameelewa" nikaandika: Mgonjwa hakuombwa aeleze wala aonyeshe. Nikasaini mara ya pili.

Tangu hapo tumebadilisha namna tunavyofanya pale wodini. Hatuandiki tena "ameelewa". Tunamwomba mgonjwa atueleze kwa maneno yake atakavyofanya akifika nyumbani, atuonyeshe kwa mikono yake, na tunaandika alichosema kama alivyokisema. Akisema kwa Kihaya tunaandika Kihaya. Daktari mmoja aliniuliza hiki ni nini kwenye faili, nikamjibu ndivyo mgonjwa alivyosema. Juzijuzi kulikuwa na mama mmoja kutoka kisiwa cha Bumbire, anauza dagaa, mchangamfu, anaitikia kila kitu. Nilipomwambia anionyeshe, alichoma vizuri kabisa. Nilipomuuliza atachoma lini, akasema, "Nikijisikia vibaya. Nikiwa mzima ya nini kujitoboa?" Nikaandika: Bado. Anadhani dawa ni ya siku za kuugua tu. Kesho narudia. Nilirudia siku tatu. Ilimkera, akaniambia nina kichwa kigumu. Siku ya nne aliniambia saa atakazochoma, atakula nini kwanza akiwa kwenye mtumbwi, na jirani gani atamfundisha. Ukurasa ulijaa. Alipoondoka nilitoka nje nikasimama nyuma ya jengo la kufulia, kwa sababu nilitaka kukupigia simu nikusimulie.

Kisha mwezi uliopita mchungaji wa Kaagya akanipigia. Wanawake wa usharika wanaomba somo la kisukari, wamechoka kuzika. Nikakubali kabla sijafikiri. Baadaye nikakumbuka nani hukaa mstari wa mbele katika kila mkutano wa wanawake.

Niliandaa somo nikaruka sehemu ya sukari kushuka. Nasema ukweli. Nilijiambia nitaifundisha siku nyingine, mahali pengine. Nilikwenda Kaagya siku moja kabla, nikafikia kwa Shangazi, nikiwa nimepanga kumweleza kwanza tukiwa wawili. Akapika ndizi kwa maharage, akaniwekea sehemu kubwa, akasema nimekonda. Tukala. Nikashindwa. Nikalala kwenye kitanda alichonitandikia na jambo langu likiwa tumboni.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Nilifundisha kwa Kihaya, polepole. Nilipofika mwisho wa nilichoandaa nikawatazama. Wengi wao wana mume au mama mwenye insulini nyumbani. Kama ningefunga daftari pale, ningekuwa nimejaza fomu nyingine kama yako. Nikasema kuna jambo limebaki. Mtu mwenye sukari akiwa amechoma dawa na hajala, sukari inaweza kushuka. Atatoka jasho, atatetemeka, ataongea ovyo. Hapo apewe haraka kitu kitamu, soda, maji ya sukari, asali, kama bado anaweza kumeza. Nikawaomba wanirudishie kwa maneno yao.

Shangazi akasimama. Alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake.

"Jasho la kulowesha kola?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na anawaita watu waliokufa."

"Ndiyo."

"Hiyo ni sukari imepungua. Haijazidi."

"Ndiyo, Shangazi."

"Anapewa soda," akasema. Hakuwa ananiuliza tena. Akakaa chini taratibu, kama mtu anayepapasa kiti gizani, na wale waliokuwa naye kanisani siku ile wakainamisha vichwa.

Hakusubiri sala ya kufunga. Nilimfuata hadi kwake nikakuta mlango umefungwa. Nikakaa barazani mpaka alasiri. Nilimsikia ndani akitembea, akiburuta kiti, hakufungua. Nikarudi Muleba. Nikampigia kila siku, simu ikaita mpaka ikakatika.

Wiki iliyopita nilikwenda tena. Nilifungua nyumba yako, nikafagia, nikakaa. Mchana akaja kwa njia ya kibanjani, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Nieleze tena," akasema. "Yote. Usiruke."

Nikamweleza yote, fomu, saini, zile sekunde chache nilizomfundisha mlangoni. Nikamwambia nilijua kwamba huli kabla ya Meza ya Bwana, na sikuwaza.

"Siku ya msiba nilikuuliza kama nilikosea. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha niisimulie ile habari miaka miwili. Kwa kila mtu. Hata kwa huyo mama mwenye soda, Kemi. Nilimwona kanisani kila Jumapili, namtazama kama mwuaji."

"Nilikuhurumia, Shangazi."

"Ulijihurumia wewe."

Nikapiga magoti pale sakafuni, kama nilivyokuwa nakupigia wewe. Hakuniinua. Alisema hana hasira nami kama ninavyodhani, ila kwa sasa hawezi kukaa na mimi meza moja, na hajui lini ataweza. Kisha akaniambia amezungumza na mchungaji. Jumapili hii baada ya ibada atasimama mbele ya usharika aeleze kilichotokea siku ile, alichofanya kwa mkono wake na kwa nini, na awafundishe watu mwenyewe jinsi ya kufanya. Na atamwomba radhi yule mama.

"Nitakuja," nikasema.

"Usije. Ukiwepo watu watakutazama wewe na sare yako. Hili nitalisema mwenyewe." Akageuka, akapita katikati ya migomba yako, mgongo umenyooka.

Leo ndiyo Jumapili hiyo, Taata. Niko wodini Muleba, nimekaa kwenye meza ya wauguzi, wagonjwa wamelala baada ya chakula cha mchana. Ibada ya Kaagya itakuwa imekwisha. Nadhani sasa hivi amesimama pale mbele, dada yako, mwanamke ambaye hajawahi kushika kipaza sauti maishani, na anawaambia. Nimeweka simu mbele yangu na sauti nimeifungulia hadi mwisho, kinyume cha utaratibu. Asimwe ameiona, ameendelea kupanga dawa. Haijaita.

Pumzika, Taata. Kama atapiga nitakuambia, na kama hatapiga nitakuambia pia, maana sina mwingine.

Ni mimi binti yako,
Kemilembe